Koleo Lililolia Vizuri

Katika miaka ya sitini mke wangu aliendesha nyumba ndogo ya wageni pale Malaba, karibu na reli. Jirani yetu mwenye duka alikuwa na jenereta, na ilibaki nguvu ya kutosha nyumba moja tu: yetu, au baa iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Atakayetangulia kumaliza kutandaza nyaya, kazi ikiwa salama, ndiye atakayeunganishwa. Mwenye baa akaita fundi kutoka Tororo. Mimi nilikuwa na kitabu cha umeme nilichokisoma hadi jalada likaachia, nikaamua kujifanyia mwenyewe.

Nilikwenda Busia kununua vifaa. Bisibisi haikunisumbua: nilikuwa na skrubu mfukoni, nikachagua iliyoshika mfereji wake bila kucheza. Koleo ndilo lililonichelewesha. Kwetu jembe halinunuliwi kabla ya kugongwa. Likilia ni zima, likinyamaza lina ufa. Basi niliyagonga makoleo yote kwenye kaunta. Yenye mikono ya mpira yalitoa sauti ya kiazi. Moja la chuma kitupu lililia hadi wateja wakageuka.

"Mzee, unanunua koleo ama kengele?" muuzaji aliuliza.

"Nipe hilo."

"Hilo ni la seng'enge. La umeme ni haya ya mpira."

"Hayo yamekufa," nilimjibu.

Nilijua vizuri kwamba mpira huzuia umeme. Lakini sikio langu lilikuwa limesomea shambani kabla sijasoma kitabu.

Kazi ilipokaribia kwisha, mwenye jenereta alikuja kukagua. Alivuta kila kiungo, akaridhika. Kisha akaliona koleo.

"Kwa hili hutagusa waya wangu. Sitaki mjane hapa jirani."

"Nitalizungushia tyubu ya baiskeli," nilisema.

"Tyubu inatoboka kila siku, ndiyo izuie umeme?"

Ng'ambo, fundi wa Tororo alikuwa tayari juu ya ngazi. Mke wangu alitoka mbio, akasimamisha lori la pamba.

"Boss, mpeleke huyu Busia, umrudishe na koleo. Akisahau koleo, mwache hukohuko!"

Muuzaji alinibadilishia huku akicheka, nami sikugonga chochote. Niliporudi jua lilikuwa bado juu, na ngazi ya baa haikuwa na mtu. Mwenye baa, kwa ukarimu wake, alikuwa amemkaribisha fundi chupa moja, halafu nyingine. Fundi alikuwa amelala kwenye benchi, nyaya zikining'inia juu yake.

Jenereta ikiwa imezimwa, niliunganisha waya wa mwisho. Giza lilipoingia, jirani akaiwasha. Vyumba vyote vikang'aa, na mke wangu akapiga kigelegele kilichomtoa mwenye baa hadi mlangoni kwake.

"Mama, taa zenu zinaniumiza macho!"

"Basi vuka, jirani. Huku tuna chai."

Akavuka kweli, na wateja wake wakamfuata.