Wekundu wa Nani

Wivu ambao wanawake wengine huuweka kwa waume zao, Hyasinta wa Rhotia ameuweka kwenye mawaridi. Nayajua haya kwa sababu mimi ni mpishi, na dirisha la jiko langu linayatazama. Alileta vipandikizi kutoka kwao, vimefungwa kwa kitambaa kilicholowa, na kwa miaka kumi na moja aliyotunza bustani yetu hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa.

Mwaka juzi lodji yetu hapa Karatu iliajiri mtunza bustani wa pili, Herbert, Mchaga mpole. Akapanda bugenvilia getini, wageni wakaanza kupigia picha pale. Hyasinta akaacha kumsalimia.

Julai iliyopita mgeni mmoja alichora bustani yetu kwa rangi, akatuachia picha hiyo. Ukiisogelea unaona madoa tu. Ukirudi nyuma, bustani inatokea, na katikati kuna wekundu unaowaka. Meneja wetu, Blandina, aliitundika ukumbini. Akasema ile ni bugenvilia ya Herbert wakati wa jioni, maana picha nzima ina rangi ya dhahabu.

Siku mbili Hyasinta hakugusa chakula changu. Ya tatu akatuita wote mbele ya picha.

"Tazameni kivuli cha mti huu wa mgrevilia," alisema. "Jioni kinalala upande wa jikoni. Hapa kimelala getini. Hii ni asubuhi, na asubuhi bugenvilia iko kivulini. Wekundu huu ni wangu."

Akatuonyesha weupe juu ya majani: ukungu, ambao hutoweka kabla ya saa mbili. Akatuonyesha bluu ya baridi chini ya mti, na jinsi furaha ya picha inavyoanzia kwenye mawaridi kisha ikasambaa. Blandina akakubali. Hyasinta akamtazama Herbert kwa macho ya mtu aliyeshinda kesi.

Ndipo mimi, ambaye mdomo umeniponza mara nyingi, nikauliza lile doa la bluu lililoinama kwenye mawaridi ni nani. Tulirudi nyuma hatua moja. Lilikuwa ovaroli, na mkono unaomwagilia. Julai yote Hyasinta alikuwa akimuuguza mama yake, akifika kazini saa tatu, ukungu umeshatoweka.

"Yalikuwa yanasinyaa, dada," Herbert alisema taratibu.

Hyasinta alinifuata jikoni, akakaa juu ya gunia la viazi, akalia. Akasema heri angenyamaza, wekundu ukabaki wa bugenvilia, kuliko kujua kwamba mawaridi yake yaliukubali mkono wa mwingine.