Jinsi Tulivyowazika Walio Hai

Saa moja na robo asubuhi jumbe na askari mmoja walisimama mbele ya nyumba yetu, Mwembesongo, Morogoro. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu kengele ya stesheni ilikuwa imegongwa saa moja, na tangu igongwe nilikuwa nimekwenda mtoni mara moja tu na kurudi na maji.

Walikuwa wakimtafuta mume wangu. Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Yeye alikuwa amekamatwa kwa ajili ya upagazi, akafungwa kamba pamoja na wenzake na kupelekwa njia ya Kisaki na sanduku la risasi kichwani. Huko aliugua tumbo la kuhara damu, akatoroka, akafika nyumbani jana yake akitambaa. Mpagazi mtoro akipatikana alichapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kisha akarudishwa kwenye mzigo. Mume wangu asingefika hata kiboko cha kumi.

Ndani alikuwa na jirani yetu, mzee aliyekuwa akiosha maiti wa mtaa. Nilimwita mwenyewe alfajiri kwa sababu niliamini mume wangu anakata roho. Mzee alimtazama, akasema bado, akaomba maji ya moto ili angalau amsafishe. Basi askari alipogonga, mzee alitoka na mikono inayotiririka maji.

"Yuko wapi?" jumbe aliuliza.

"Yuko ndani. Namwosha."

"Kumbe amekufa?"

"Jumbe, wewe mzima hivyo, nimewahi kukuosha?"

Askari alisema ameagizwa aone kwa macho yake.

"Ingia, bwana askari," mzee alimjibu. "Ila mwenzangu wa kushika ndoo hajafika. Ukishaingia ndoo ni yako, na tumbo lake halijaisha kutoka."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Harufu ilimfikia askari pale pale. Alirudi nyuma, akavua kofia yake, akasema inna lillahi, kisha akampa mzee nusu rupia ya kuongezea sanda. Jumbe akaondoka akisema atapeleka habari bomani.

Chama chetu kilianza hapo, na hakuna aliyekikusudia. Mzee hakutamka kwamba mume wangu amekufa. Lakini askari alikwisha kutoa fedha ya sanda na jumbe alikwisha kwenda, kwa hiyo kabla ya adhuhuri ilibidi lipatikane kaburi, na ndani ya kaburi kitu. Mzee alikata mgomba nyuma ya nyumba, akaupima kwa urefu wa mume wangu, akauvika sanda. Mume wangu tulimpandisha darini, kwenye mahindi.

Ikabaki sala. Mwalimu wa chuo cha Kurani alipoitwa na kuambiwa ukweli, alikasirika.

"Niusalie mgomba? Mzee, una akili wewe? Nikasimame mbele ya Mungu na mgomba?"

"Basi nenda bomani ukawaambie yuko hai."

 Mwalimu alitazama juu darini, akamuuliza mume wangu wapagazi wangapi wamefia njiani.

"Sikuwahesabu, mwalimu. Mtu akianguka wanamfungua kamba, wanamsukuma kando, mzigo wake tunagawana."

"Na nani aliwasalia?"

"Nani awasalie? Sisi tumefungwa."

Mwalimu akaomba maji ya kutawadha. Alisema Mwislamu aliyekufa mbali bila kusaliwa huweza kusaliwa akiwa mbali vilevile, na kwamba nia ni ya moyoni. "Nitawasalia hao. Mgomba utalala mbele yetu kama jiwe linavyolala. Asiniulize mtu zaidi."

Sikwenda makaburini, kwa kuwa wanawake hatuendi. Mzee alinieleza baadaye kwamba mwalimu alisimama katika sala ile muda mrefu kuliko kawaida, na watu wakasema alimpenda sana marehemu.

Mume wangu hakufa. Baada ya siku chache alipata nguvu ya kusimama, akapanda milima asubuhi na mapema pamoja na wanawake waliokuwa wakienda mnadani upande wa mashariki, akiwa na pakacha la chumvi kichwani. Huko alipokelewa na rafiki wa mzee, akapewa jina jingine.

Mwezi uliofuata mama mmoja alikuja kwa mzee na habari za mwanawe aliyetoroka. Hakusema anataka nini. Alisema tu, "Na mimi nina mgonjwa." Sijui alijuaje. Mzee akanoa panga, akaenda migombani, na mwalimu akatawadha. Baadaye walikuja wengine. Chama hakikuwa na jina, wala mkutano, wala mtu wa nne. Mzee alipamba na kuzika, mwalimu alisali, mimi nilikaa na mke au mama wa mtu ndani ya nyumba na kuhakikisha kwamba darini hakuna anayekohoa. Kabla Wajerumani hawajaondoka tulikuwa tumewazika hivyo watu saba.

Jumbe alianza kushangaa. "Mtaa wenu mnakufa sana," alimwambia mzee siku moja mbele yangu.

"Ni njaa, jumbe. Na wewe ukihitaji nafasi, ardhi bado ipo."

Jumbe alicheka kidogo na hakuuliza tena. Mpaka leo siwezi kusema kama alijua.

Kanuni yetu ilikuwa moja, nayo aliiweka mzee: ukoo wa mtu usiambiwe. Alisema kilio cha kuigiza kinanuka, na askari wana pua. Kwa hiyo mama mkwe wangu alilia kilio cha kweli, na wajomba wa mume wangu waliteremka kutoka milimani na huzuni ya kweli. Mimi nilikaa eda ya mume aliye hai, miezi minne na siku kumi, nimejifunika, na kila aliyekuja kunipa pole nilimpokea.

Hatukufikiri zaidi ya hapo. Sisi Waluguru, mtu akifa, ukoo wa mama yake hauachi jina lake lipotee. Siku ya arobaini wajomba walikaa, wakamwaga pombe na unga wa tambiko kwa mizimu, wakamrithisha jina mtoto wa dada yake, kijana aliyekwisha kuoa. Tangu siku ile kijana yule alikuwa ndiye mume wangu kwa jina na kwa heshima. Mama mkwe alimwita mwanangu. Shamba la mtoni likawa lake. Mimi pia niliulizwa kama nitarithiwa, nikajibu nipo edani, wakaniacha.

Mwalimu aliposikia alishika kichwa. 

Eda ilipokwisha nilipanda kwa mjomba mkubwa, nikapiga magoti, nikampa shikamoo, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanionyesha yule kijana, aliyekuwa akila uani.

"Mwenye jina ni yule pale, anakula. Huyo unayemsema wewe ni nani?"

"Ni mpwa wako, mjomba."

"Mpwa wangu nilimlilia. Mizimu nimeiambia amekuja kwao. Leo nikaiambie nilidanganya? Akishuka akikutana na mwenzake mlangoni, mmoja wao atakufa, na mimi sitaki kuchagua."

Niliendelea kukaa pale chini. Jioni alilegea. Alisema jina linaweza kugawanywa kwa tambiko la pili, la kuomba radhi: mbuzi wawili, kaniki mbili, pombe, na chakula cha ukoo mzima. Gharama haitapungua rupia thelathini na tano. Kabla ya hapo mume wangu asionekane.

Nikaanza kuuza vitumbua kwa askari waliojaa Morogoro. Fedha ngumu ya sarafu ilikuwa imeadimika, askari wakilipwa noti za karatasi mpya zilizochapwa humu humu nchini, nami nikapokea hizo. Hela zangu za shaba nazo nilizibadilisha kwa noti, maana noti hazilii zikifichwa ndani ya mto. Mwenye duka mmoja Mhindi alizipokea noti kwa bei iliyozidi kushuka kila mwezi. Nilimwona mwizi, nikaacha kwenda kwake. Mume wangu aliniletea salamu kwa wachuuzi wa chumvi: tumbo limerudi, lakini anangoja.

Nilipotimiza kiasi, mjomba alipanga tambiko liwe baada ya mavuno. Kabla ya mavuno Wajerumani waliondoka Morogoro, Waingereza wakaingia. Niliteremka sokoni kununua mbuzi, na mwenye mbuzi akanirudishia noti zangu bila kuzihesabu. Nilikwenda kwa yule Mhindi.

"Mama, serikali ya noti hii imekimbia," alisema kwa upole. "Hata mimi ninazo. Nimezijaza debe."

Mjomba naye alisema mbuzi hawanunuliwi kwa karatasi, na pasipo mbuzi hakuna neno. Niliomba angoje mwaka mmoja, nianze upya. Alikubali. Lakini mwaka ule ulikuwa wa njaa, majeshi yote mawili yalikuwa yamekula mashamba, na upande wa mashariki wa milima watu walikuwa wakila mizizi ya migomba. Mchuuzi wa chumvi aliniletea habari kwamba mume wangu amekufa kwa tumbo lile lile, amezikwa kule kwa lile jina jingine.

Mwalimu alinithibitishia kwamba sasa eda ni ya lazima kwangu. Lakini mtaa mzima ulikwisha kuniona nikiimaliza eda yake. Nilifunga tambara mguuni, nikasema nina donda, nikakaa ndani miezi minne na siku kumi. Waliokuja kunitazama waliniuliza hali ya mguu.

Wale sita wengine walirudi kwao, baadhi kwa majina yao, baadhi hapana. Mzee na mwalimu wamekwisha kufa na kusaliwa. Noti bado ninazo: ishirini na saba za rupia moja, na mbili za rupia tano. Jumla iliyopotea ni rupia thelathini na saba.