Nilivyomtuza Rehema Katikati ya Opera

Aibu hii nimeibeba tangu Jumamosi ya pili ya Septemba mwaka 2017, na kama Mama Furaha, mwenzangu wa kwaya, asingekuwa anaisimulia kanisani huku akiitia chumvi, ningekufa nayo kimya. Basi ni afadhali muisikie kwangu mimi niliyeitenda.

Binti yangu Rehema alikuwa akisomea uimbaji hapa Johannesburg, na kikundi kidogo cha opera kilimpa sehemu ya kuimba peke yake katika mchezo wa Kirusi ambao, alivyoniambia, hata Warusi wengi hawaujui. Kiongozi wa kikundi alimwahidi kwamba akiimba vizuri alasiri ile angepata ajira ya kudumu. Alinipa tiketi moja. Mimi, mjane niliyemaliza kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na moja (mwalimu wangu aliniita mama darasani), sikuona sababu ya kuiona fahari hiyo peke yangu, nikanunua tiketi tatu zaidi kwa ajili ya akina mama wenzangu wa kwaya. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Ukumbi wenyewe, mtaa wa Braamfontein, ulikuwa mdogo, hauna jukwaa, waimbaji wamesimama sakafuni karibu kabisa na miguu yetu, na muziki wote ni wa piano moja. Rehema aliigiza mjane kijana anayemlilia marehemu mumewe, ambaye alikuwa amelazwa sakafuni mbele yake. Maneno sikuyaelewa hata moja, lakini kilio nilikielewa, kwa kuwa nimekilia mwenyewe tangu mwaka 2009. Sauti yake ikapanda, ikazidi kupanda, kisha ikakatika ghafla, na ukumbi mzima ukawa kimya.

Sasa sisi watu wa Tanga, mwimbaji akikufikisha pale nawe ukabaki umekaa, umemtukana. Nikatoa noti, nikainuka, nikamwendea taratibu huku nikitikisa mabega kama inavyopasa, nikambandika noti kwenye paji la uso.

"Mama, kaa chini," akanong'ona, midomo haisogei. "Bado sijamaliza."

Pengine yangeishia hapo, lakini Mama Furaha alikwisha kupiga kigelegele, naye na wenzake wawili wamejipanga nyuma yangu, kila mmoja na noti yake hewani, na nilipogeuka kuwazuia nikamkanyaga marehemu mkono, akaketi.

Watu wakaangua kicheko. Piano, iliyokuwa imeanza tena, ikanyamaza. Rehema alijaribu kuanza upya, sauti ikamkwama, akatoka.

Ajira alipewa mwingine. Kiongozi hakunilaumu, alisema kwa upole kwamba desturi yetu ni nzuri, na upole ule uliniuma kuliko tusi.

"Mama Rehema," Mama Furaha akaniambia tulipokuwa tukitoka, "tuzo yako imefufua maiti."

Nyumbani kwetu Joubert Park, Rehema, ambaye huzungumza nami Kiingereza isipokuwa anapotaka nisikwepe, aliniuliza kwa Kiswahili safi: "Mama, ulisimama kunituza, au ulisimama ili watu wajue mimi ni mtoto wa nani?"

Nilimwambia nimechoka, nikaenda kulala.

Nimeweka nadhiri kwamba mtoto akiimba, fahari yangu itakaa kifuani mpaka yeye mwenyewe aje kuiulizia. Ameimba mara kadhaa tangu siku ile. Tarehe huwa naambiwa zikishapita.