Sahihi Yangu na Mfereji wa Mboghoni

Jamani, leo nimemwambia mkubwa wa benki "hapana".

Ndiyo, mimi, niliyekuwa nikitetemeka hata nikiitwa ubaoni shuleni!

Amekuja kutoka Nairobi hadi ofisini Voi ninakofanya kazi ya ukarani, anauza hisa za shamba la mkonge. Akaniwekea waraka nishuhudie, kama mwenyeji wa Mboghoni, kwamba maji ya mfereji wa Mboghoni ni ya shamba, siku zote.

Siku zote? Mfereji ule ni wa zamu. Alhamisi ni yetu. Mama huamka mapema kufungulia migomba maji.

"Bwana, siwezi kutia sahihi. Si kweli."

Akacheka. "Kijana, nilianza nikiwa karani kama wewe. Nilitia sahihi kila nilichopewa. Leo benki nzima inanisikiliza."



"Mimi namsikiliza mama yangu, bwana."

Karani mkuu, Mzee Mwakio, akanikanyaga mguu chini ya meza.

Baadaye Mzee akaniambia kesho nije kutia sahihi, ama nisije kabisa.

Naandika haya nikingoja gari la moshi la Taveta, nirudi kwetu.

Kesho ni Alhamisi. Nitakuwa mferejini.

Ninyi mngetia?