Sarafu ya Mtemi na Ndimu ya Mama Mkwe

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku moja kabla ya Idi, mwaka 2011, nilirudi kutoka zamu ya usiku nikaikuta sarafu yangu inang'aa kwenye kisahani. Haikupaswa kung'aa.

"Baba, angalia!" alisema mama mkwe, aliyekuwa ametoka Bujumbura kututembelea huku ughaibuni. "Ile kifranga yako ilikuwa chafu kama kisigino ya mukimbizi. Nimeisugua na ndimu. Bon, hapa hamuna majivu, nikatumia dawa ya meno."

Kwao Idi haiingii kwenye nyumba yenye chuma cheusi. Sufuria, sinia, hata komeo la mlango husuguliwa. Mwanamke wa umri wake akimfanyia mkwewe kazi hiyo, ni heshima, na heshima haijibiwi kwa kelele. Nilisema, "Asante, maman." Kisha nikajifungia bafuni na kuuma taulo.

Sarafu hiyo, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, niliipata katika soko la vitu vya zamani. Nilichukua majira mawili ya baridi maktabani kuijua. Ilitoka kwa mtemi mmoja wa Kijerumani, mwanzoni mwa karne ya kumi na saba, Vita vya Miaka Thelathini vilipoanza. Kila mtemi alitaka askari, na askari walitaka mshahara. Basi fedha safi iliyeyushwa, ikachanganywa na shaba nyingi, na vipande vikapakwa weupe juu. Mkulima alipokea sarafu nyeupe, ikamgeukia nyekundu mkononi. Alipoipeleka kulipa kodi, makarani wa mtemi yuleyule waliikataa. Nilisoma hayo nikiwa na hasira ya mtu aliyewahi kupokea mshahara unaoyeyuka kabla ya kufika sokoni.

Yangu ilikuwa adimu kwa sababu weupe ule ulikuwa bado mzima chini ya ukungu wa karne nne. Muuzaji mmoja wa sarafu, nje kidogo ya barabara ya Chaussée d'Ixelles, alikuwa ameahidi kuinunua kwa euro mia moja na arobaini. Kiasi hicho ndicho kilichopungua kwenye bei ya miwani mpya ya mama mkwe, ambaye alikuwa akisoma msahafu kwa kuugusisha pua.

Nilimpelekea muuzaji huyo alasiri ya siku ileile. Ukingo wote ulikuwa mwekundu.

"Nani kaifanya hivi?"

"Mimi."

"Nilikwambia usiiguse hata kwa kitambaa! Nilikuwa nanunua weupe. Umeniletea shaba."

"Shaba ilikuwamo tangu mwanzo. Aliyedanganya ni mtemi."

"Basi kamdai yeye, bwana."

Alinipa euro kumi, akaitupa kwenye bakuli la chenji. Nilitoka nikiwa na ngumi mfukoni.

Nyumbani mke wangu alinisubiri mlangoni. "Umemwambia mama?"

"Nimwambie nini?"

"Alors, nyamaza hivyohivyo. Kesho ni Idi."

Mama mkwe hakujua kitu. Aliondoka wiki iliyofuata na miwani yake ya zamani, mkono mmoja wa miwani umefungwa uzi. Kwenye uwanja wa ndege alinishika kichwa akaniombea dua, akaniambia nisiache vitu vyangu viote kutu.

Mtemi yule alikufa kitandani mwake, tajiri, na sura yake imechorwa. Amenila hata mimi, kwenye mji asiowahi kuutawala: euro mia moja na thelathini.