Memori Iliyochukuliwa Kabla ya Wakati

Bosi wangu alipenda kusalimia watu kwa Kiha, lugha ya kwetu huku ziwani. Alijua neno moja, "Mwakeye", ambalo ni salamu ya asubuhi, na alikuwa akiwatupia watu hata saa kumi jioni, kisha ananigeukia kuona kama nimependezwa. Mimi ni mzaliwa wa Katubuka. Nilikwenda Dar kusoma, nikarudi nyumbani, nikamkuta huyu bwana ameletwa kuongoza mradi asioufahamu. Mbele za watu aliniita "dada wa kompyuta", kana kwamba nimekaa kibandani nauza vocha.

Mradi wenyewe ulikuwa mzuri. Tulikuwa tunatengeneza kisanduku chenye kioo, cha kufungwa kwenye boti za abiria ziendazo vijiji vya kaskazini mwa ziwa. Nahodha angeona ramani ya ufuko na miamba, na juu yake picha ya mawingu na upepo. Kisanduku kilikuwa kidogo na memori yake ndogo vilevile. Chipu inayochora picha haikuwa na memori yake peke yake, ilikula sahani moja na programu zote. Kazi yangu ilikuwa kuandika draiva, yaani programu inayoiongoza chipu hiyo, ndani kabisa ya mfumo, pale memori inapogawiwa na kunyang'anywa.

Shughuli ilikuwa kwenye kunyang'anya. Programu ya ramani huchora ufuko vipandevipande. Kipande kikitoka kiooni haikitupi, maana boti ikigeuka kitahitajika tena. Inaiambia draiva: hiki sikihitaji kwa sasa, ukibanwa kichukue. Memori ikiwa tele, kipande kinabaki. Ikipungua, mfumo unakuja kwa draiva kuomba, na draiva inatoa vipande vilivyoachiliwa. Programu ikirudi inauliza kwanza kama kipande chake bado kipo. Kama kimekwenda, inakichora upya. Ni utaratibu wa kistaarabu, na sharti lake kubwa ni moja: kabla hujatoa kipande, hakikisha chipu imemaliza kukisoma. Programu inaweza kuwa imeshakiachilia huku chipu ingali katikati ya kazi iliyopewa muda mfupi uliopita.

Bosi nilimweleza hayo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Angeelewa Kiha ningejaribu na hicho.

"Kwa nini kioo kinasita ramani ikisogea?" aliniuliza, maonyesho ya ziwani kwa wafadhili yakiwa yamekaribia.

"Draiva inangoja chipu imalize, ndipo itoe memori."

"Mwenyewe si ameshasema kipande hakihitaji? Unangoja nini sasa?"

"Iliyosema ni programu, inayosoma ni chipu. Nipe siku chache. Badala ya kungoja, nitaifanya iruke vipande vilivyo kazini ichukue vingine."

"Dada, wewe unapenda kukuza mambo."

Alijua kuandika programu kiasi cha kutosha kuleta hasara. Nilipokwenda Mwandiga kwenye msiba wa shangazi yangu, alifungua kazi yangu akafuta ile sehemu inayokagua kama chipu imemaliza. Akajaribu mezani, ramani ikiwa imetulia na memori haina wa kuigombania. Kioo kikaenda laini kama mawese. Akajipongeza, akaweka toleo lake kwenye kisanduku cha maonyesho, na nilipotoka msibani hakuniambia neno.

Tuliondoka Kibirizi asubuhi na wageni kutoka kwa wafadhili, wamefungwa majaketi ya rangi ya chungwa. Nahodha alikuwa mzee wa Ujiji, mtu wa maneno machache. Nilimpa shikamoo. Bosi akasema "Mwakeye, mzee," na kwa mara ya kwanza alikuwa ameipatia saa. Kilikuwa kiangazi, watu wanachoma mashamba, na moshi ulikuwa umelala juu ya maji hata vilima havionekani. Kwa hali hiyo ramani ilikuwa na maana. Bosi alisimama kando ya kioo akahutubia, mkono mmoja mfukoni.

Nahodha alipogeuza boti kukwepa miamba, ramani ikaanza kukimbia, na wakati huohuo picha mpya za mawingu zikawa zinapakiwa. Memori ikabana. Mfumo ukaja kuomba, na draiva, kwa kuwa haikuwa na macho tena, ikatoa vipande ambavyo chipu ilikuwa inavisoma. Ufuko ukachanika mbele yetu. Herufi za menyu zikaelea ziwani. Kipande cha wingu kikakaa mahali pa miamba, na kilima kizima kikaota mbele ya boti, kwenye kina kirefu.

Mimi nilielewa papo hapo. Picha ya namna ile haina sababu nyingi.

"Ni mtandao," bosi akawaambia wageni, akikipiga kisanduku kofi. Ramani ile haikutumia mtandao wowote.

Nahodha alikitazama kioo, akanitazama mimi. "Hapa mbele kuna mlima?"

"Hapana, mzee. Ni maji."

"Najua ni maji. Nauliza hilo dude lenu linajua?"

"Kwa leo halijui."

Akavua sweta lake, akakifunika kioo, akapunguza mwendo na kumtuma utingo akae mbele aangalie miamba. Tulifika salama, kwa macho yake na ya utingo. Mgeni mmoja alitapika njia nzima, na bosi akampepea kwa karatasi za hotuba.

Tuliposhuka bosi alinivuta pembeni. "Ungeniambia kwamba ni hatari."

"Nilikuambia."

"Ungenisisitizia." Alisema hivyo akiwa ameukunja uso kama aliyekosewa. Niliviangalia viatu vyake vya ngozi vilivyolowa, nikaenda kukifungua kisanduku.

Niliurudisha ukaguzi, nikaifanya draiva iruke vipande vilivyo kazini na kuviweka nyuma ya foleni. Kusita kukaisha. Nilipanda tena boti ya yule mzee, nikamwomba ageuze kwa nguvu huku na huku katika moshi uleule. Abiria walilalamika, ramani haikuchanika. Siku hizi mzee hakifuniki tena kioo, ingawa akiulizwa anasema anakitumia kujua saa.

Kwenye kikao cha tathmini bosi alieleza kwamba tatizo lilikuwa unyevunyevu wa ziwa. Visanduku vyote vikaagiziwa mipira ya kuzuia maji, mipira ikazuia na hewa, vikaanza kupata joto. Nilisema mbele ya wote kwamba unyevu hauhusiki, na kwamba draiva ilitoa memori iliyokuwa bado inatumika kwa sababu mtu alifuta ukaguzi. Waliandikaandika kidogo. Kisha mwenyekiti akauliza chakula kiko tayari.

Baada ya hapo bosi alipandishwa cheo, akahamishiwa Dar kuwa mshauri wa miradi yote ya namna hiyo. Tulimwandalia keki. Mipira niliitoa mwenyewe kwa bisibisi, kisanduku baada ya kisanduku, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.