Nilivyopandisha Sauti Harusini

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nusura nivunje harusi ya dada yangu kwa neno moja, tena neno zuri tu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kijijini kwetu Kiranjeranje hapakuwa na msichana wa kunishinda kwa sauti. Sikudanganyi, waulize wenzangu waliobaki. Shangazi yangu Somoe, kiongozi wa waimbaji, akaniachia nianzishe wimbo wa kumpokea bwana harusi. Wageni walitoka Kivinje, gari likawaharibikia njiani, Nangurukuru, nasi tukawangoja tangu asubuhi hadi alasiri. Waliposhuka, wamechoka, vumbi tupu, nikaimba: "Wamefika, wamefika." Kwa kutaka kujionyesha, mwisho wa neno nikaipandisha sauti juu kabisa.

Watu wakacheka. Mama yake bwana harusi akasimama palepale.

"Kumbe tunaulizwa kama tumefika!" akasema. "Basi hatujafika." Akageuka kurudi garini, na jamaa zake wakamfuata.

Nikamwambia shangazi, "Lakini nimeimba maneno yaleyale uliyonifundisha!"

"Maneno ni yaleyale," akanijibu. "Sauti ikishuka, unawapokea. Ikipanda vile, unawasuta kwa kuchelewa. Nenda kawarudishe."

Nikamkimbilia yule mama, nikapiga magoti mbele ya watu wote. "Shikamoo, mama." Akatazama garini. Nikaimba tena, polepole, na mwishoni nikaishusha sauti taratibu. Wanawake wakaitikia nyuma yangu. Akanigeukia, akasema, "Marahaba. Sasa tumefika." Akanishika mkono, tukaingia naye uani.

Alipomwoza binti yake mwaka uliofuata, aliagiza niitwe mimi nikaimbe. Hata leo, pande hizi zote, harusi yenye wageni wa mbali naitwa mimi. Naona fahari, wala sifichi.

Nanyi siku hizi mnatumiana sauti kwenye simu. Kabla hujatuma, jisikilize kwanza. Ukimwambia mama yako "nimesikia", je, umemwitikia au umemfokea? Katika lugha yetu hii swali na jibu huweza kuwa neno moja, na wa kuyatenganisha ni wewe na sauti yako. Ukikosea, usibishane na aliyeumia. Rudi, useme upya.

Mungu akujaalie, mwanangu, kila utakapopiga hodi, wenyeji waifurahie sauti yako kabla hawajakuona uso. Amina.